Mchezaji wa Dirishani kwa Manilal

Jumamosi asubuhi Mwikali alifungua duka la vitambaa la Manilal, pale Malindi, akawasha kompyuta iliyounganishwa na televisheni ya dirishani. Mwanamke wa nukta za kijani akatokea, akatikisa mabega, akaruka, akainama, akaanza upya. Mwikali ndiye aliyemtunga, akampa sura yake mwenyewe, na agizo la mwisho alilomwandikia lilikuwa: rudi mwanzo. Barazani watu walitikisa mabega pamoja naye, hata Baya muuza kahawa, birika mkononi.

Adhuhuri mwanamke yule alitoka kiooni, akafikia kimo cha Mwikali, akaketi juu ya jora la kitambaa.

"Nimechoka, dada. Umeniandikia kuruka, umeniandikia kuinama. Kukaa je?"

"Kukaa nitakujulia wapi? Tangu Pasaka sijapata hata Jumapili moja."

Wakacheka mpaka wakaegemeana.

Manilal akaja, akamletea mgeni maji.

"Shikamoo, mzee," mgeni akasema. "Naomba Jumapili."

"Marahaba. Chukua. Kitu kisichopumzika huharibika."

"Na mimi, mzee?" Mwikali akadakia. "Mama yangu kule Mariakani macho yanafifia. Anataka anione uso kabla hayajazima."

"Pole sana, mama. Lakini Jumapili ndiyo siku ya watalii. Dirishani atacheza nani?"

Basi Jumapili mchezaji alijifunga leso ya Mwikali, akapanda basi la Mombasa ili aunganishe la Mariakani. Mwikali akaingia kwenye televisheni, kichwa kwanza, maana alipotanguliza miguu viatu vilikwama. Akatikisa mabega, akaruka, akainama, akaanza upya. Kuna raha yake, asiseme mtu. Barazani walikuwa hawajiwezi kwa kicheko.

"Huyu wa leo mzito," Baya akasema. "Anatua kama gunia la mahindi."

Mwikali alicheka akiwa hewani, akainama bado anacheka.

Jumatatu mchezaji alirudi na vumbi miguuni.

"Alikuona?" Mwikali akauliza.

"Aliniona. Alinishika uso wote, polepole. Akasema umekonda."

"Akasema nini tena?"

"Jumapili ijayo uwahi. Kwa jicho la kushoto umebaki kivuli."

Mwikali akaweka kiganja kwenye shavu la mchezaji, pale mama alipopashika. Lilikuwa na joto.

"Watu wanangoja," Manilal akawakumbusha, kwa upole.

Mchezaji akavua leso, akaingia kiooni. Mwikali akaenda kumpimia mteja kitambaa.