Ua Jeusi la Mkomamanga

"Hodi wenyewe. Usiogope, dada, sanduku hili halina bunduki."

Mwanabibi aliacha kuchovya ukindu katika chungu cha rangi. Mgeni alisimama uani, vumbi mpaka kwenye kope, sanduku jeusi mgongoni. Tangu watu wa milimani wanywe dawa ya maji na kupigana na Wadachi, hakuna aliyeingia Mohoro akitokea kusini ila askari.

Aliitwa Nassibu, mpagazi wa Mdachi mmoja mpiga picha za vipepeo. Bwana wake alikuwa hoi kwa homa bomani, akamtuma peke yake.

"Nikirudi mikono mitupu ni viboko," alisema. "Na picha hutoka haina rangi. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa rangi za mikeka. Utanitilia?"

"Nitakutilia. Adhuhuri utaondoka nayo."

Pale uani palikuwa na kipepeo, bado amelowa umande juu ya ua la mkomamanga, hawezi kuruka. Nassibu akajifunika kitambaa, akafungua jicho la sanduku, akangoja. Kisha akakiosha kwa dawa, chumbani gizani, kioo kilichonasa picha, akakianika juani juu ya karatasi yake ya mwisho ya picha, hata picha ikajitokeza.

Mwanabibi akacheka. "Ua jekundu limekuwa masizi. Mdachi wako atadhani nalima mkaa."

Kicheko kikamkauka. Pichani, nyuma ya ua lile, penye uzio, palikuwa na ukungu wa mtu, bega la kushoto limeinama.

"Nani alisimama pale?"

"Hapakuwa na mtu, dada."

Kondo, mumewe, alikuwa amebeba magogo ya mikoko tangu ujana. Bega lile lilikuwa lake. Alikwenda milimani kunywa dawa. Hakurudi, wala haikuja habari ya kaburi.

Akachovya unyoya wa kuku katika nyekundu, akaligusa ua. Ukungu ukawa umesogea. Akatia manjano mbawani. Sasa ulikuwa ubavuni mwa ua, na ulianza kuwa na uso.

"Niachie hii," alinong'ona. "Sina kingine chake."

Nassibu akageuka, akainama kulifunga sanduku. Shati lake lilikuwa limegandia mgongoni kwa damu kuukuu.

"Uliniahidi, dada."

Jua lilikuwa utosini. Mwanabibi akamaliza doa la mwisho bila kuutazama uso ule, akampa picha kwa mikono miwili.

Akasimama mlangoni. Nassibu alikwenda ameishika picha wazi ili ikauke. Alipofika kwenye kijia chembamba kati ya mashamba ya mpunga, akasogea pembeni, akaendelea kutembea vivyo hivyo, nusu ya njia ameiacha tupu, kama anayetembea na mwenzake.