Siku Dada Alipokunja Uso

Jana usiku niliota dada yangu amekunja uso wake vizuri, pembe kwa pembe, kama watu wanavyokunja kanga, akauacha juu ya meza ya chai.

Niseme kwanza mimi ni nani. Naitwa Heriel, nina miaka thelathini na mbili, na ni fundi wa mizani katika soko la Same. Nina usonji. Maneno nayasikia, lakini watu huongea pia kwa nyusi, kwa mabega na kwa kunyamaza, na sehemu hiyo hainifikii. Dada Nanzia ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu mama yetu afariki ndiye anayeishi nami, na ndiye anayenitafsiria watu. Jirani akisema "karibu chakula" huku anafunika sufuria, dada hunifinya mkono ili nijue kwamba hatujakaribishwa.

Kwa wiki mbili sasa dada amekuwa akikaa mezani bila kuongea. Juzi nilimwuliza, "Dada, uko sawa?" Akanijibu, "Niko sawa." Basi nikaendelea kula.

Sasa ndoto yenyewe.

Dada amesimama mlangoni, mkoba wa shule begani. Pale penye uso pako laini kama mgongo wa kijiko.

"Dada, umesahau uso," namwambia.

"Sijasahau. Nimeukunja."

"Umeukunja lini?"

"Kila siku, mbele yako. Hukuona?"

Namwambia sikuona. Sijui sauti yake inatokea wapi, na siulizi, kwa sababu anachelewa kipindi cha kwanza. Anaondoka. Nauchukua uso. Una joto kidogo, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Najaribu kuukunjua ila haukunjuki.

"Usivute," inasema chupa ya chai. "Bila nyusi haufunguki. Na nyusi zimepanda."

"Zimepanda wapi?"

"Juu. Nyusi hupanda wapi kwingine?"

Natoka nje, naegemeza ngazi ukutani, napanda. Nyusi za dada zimekaa juu ya bati, zinaota jua.

"Shukeni," naziambia. "Dada yuko kazini bila ninyi."

"Tutashuka ukituambia tulipanda kwa sababu gani," unasema unyusi wa kulia.

"Sijui. Nilidhani ninyi mnajua."

"Tulipanda kwa mshangao," unasema wa kulia.

"Kwa hofu," unasema wa kushoto.

Zinabishana. Mwisho zinakiri kwamba hazijui. Ziliambiwa zipande tu, zikapanda. Hilo linanichanganya sana, maana maisha yangu yote nimeambiwa kwamba jambo hili kila mtu analijua isipokuwa mimi. Nazitia kwenye mfuko wa shati na kushuka.

Kipago cha mwisho cha ngazi ni sakafu ya soko. Watu wamejaa kwenye meza yangu ya ufundi. Mama mmoja ananipa mgongo. Ameufunga kwenye gazeti, na ananitaka nitie sahihi kwamba nimeupokea.

"Nimekukosea nini?" namwuliza.

"Ungekuwa unajua, nisingekupa," anasema, anakwenda zake.

Mzee mmoja anatambaa chini ya meza. Anasema ametupa jicho upande wangu, sasa haoni lilikoangukia. Tunalitafuta pamoja kwa muda mrefu. Nikiwa pale chini namwuliza nani anaweza kuufungua uso uliokunjwa.

"Kamwulize Niko Sawa," anasema. "Anakaa pale mlangoni."

Nageuka. Mlango upo mbele yangu. Ni mlango wa nyumbani kwetu, lakini hauna nyumba. Mbele yake amesimama mtu mfupi mwenye sare ya kaki na kofia.

"Habari ya kazi," namwambia. "Wewe ndiye Niko Sawa?"

"Ndiye mimi."

"Dada yangu alikutaja juzi."

"Wengi hunitaja."

"Humo ndani kuna nini?"

"Sifahamu. Sijawahi kuingia. Mimi nimeajiriwa kusimama hapa mtu anapouliza mara ya kwanza."

"Na akiuliza mara ya pili?"

"Hapo naenda kunywa chai."

"Basi nauliza mara ya pili. Humo ndani kuna nini?"

Anavua kofia, anaitundika kwenye kitasa na kuondoka. Anaonekana kama mtu aliyefurahi, au mtu mwenye njaa.

Ndani ni darasa la dada. Juu ya meza ya mwalimu upo mzani wangu mmoja, na juu ya mzani upo moyo. Mshale umesimama kwenye kilo tisa na robo.

Mimi ni fundi. Najua moyo wa mtu mzima haufiki hata nusu kilo. Nauinua moyo taratibu, naangalia sifuri. Sifuri iko mahali pake. Naurudisha. Kilo tisa na robo.

"Usinigongegonge," unasema mzani. "Sijaharibika. Mwenyewe ana moyo mzito."

"Mzito kwa nini?"

"Kazi yangu ni kupima. Sababu zinaandikwa usoni."

Nazitoa nyusi mfukoni na kuzipachika kwenye uso. Mkunjo wa kwanza unafunguka, kisha wa pili, hadi uso wote unatandazika mezani kama ramani. Hauna macho wala mdomo. Una neno moja tu, kwa mwandiko wa chaki wa dada: *Mpanda*.

"Mpanda ni nani?" naziuliza nyusi.

"Ni sisi," zinajibu. "Si ndio tuliopanda?"

"Ninyi ni wawili. Ingeandikwa wapanda."

Nyusi zinatazamana. "Hilo nalo kweli," unasema wa kushoto, na unaanza kulia.

Kengele inagongwa. Wanafunzi wanaingia, wanakaa, wanafungua madaftari. Nyuma yao anaingia dada, bado hana uso. Anasimama mbele yangu, mikono ameishusha. Ile mikono inasema kitu. Naona kabisa kwamba inasema kitu.

"Umeelewa?" ananiuliza.

"Hapana," nasema.

Wanafunzi wote wanainama na kuandika *Hapana*.

Hapo ndipo nilipoamka, shati limeloa jasho. Kulikuwa kumekucha. Nilikwenda mezani. Dada alikuwa anamimina chai, na uso wake ulikuwa mahali pake. Nilizikagua nyusi. Zilikuwepo zote mbili, lakini kama zilikuwa zimepanda au zimeshuka, sikuweza kusema.

"Dada, uko sawa?"

"Niko sawa. Kunywa chai."

Nilishika kikombe. Kila siku huwa nakunywa. Safari hii nilikiweka chini.

"Nauliza mara ya pili. Uko sawa?"

Aliacha kumimina. "Kwa nini unauliza tena, mdogo wangu?"

"Kwa sababu wa mara ya kwanza hajui cha ndani."

Alinikodolea macho. Nadhani kwa mara ya kwanza yeye ndiye hakunielewa mimi, na nilimwonea huruma, kwa sababu najua hali hiyo ilivyo.

"Dada," nikasema, "Mpanda ni nani?"

Alikaa. Si kwamba alivuta kiti akakaa kama kawaida yake. Alikaa kwenye gunia la mchele lililokuwa karibu.

"Nani amekwambia habari za Mpanda?"

"Uso wako."

"Sijamwambia mtu yeyote," alisema. "Hata mwalimu mwenzangu mmoja." Akauvuta mkoba wa shule, akatoa bahasha, akanisogezea. Ilikuwa barua ya uhamisho. Alitakiwa kuripoti shule mpya, wilaya ya Mpanda, mkoa wa Katavi, kabla ya mwezi kwisha.

"Mpanda ni mji, Heriel. Ni mbali sana."

"Najua ni mji. Ndotoni sikujua, na swali nimelitoa huko."

Aliniambia kwamba barua ina wiki mbili. Ni shule kubwa, na anapewa cheo cha mwalimu mkuu msaidizi, kitu alichokingoja miaka tisa. Na jana aliandika barua ya kukataa, kwa sababu akiondoka, nani atanifinya mkono watu wakisema wasichomaanisha? Bado hajaipeleka.

"Ulikuwa unataka kuniambia lini?" nikamwuliza.

"Nimekuwa nikikuambia kila siku."

"Kwa mdomo?"

Safari hii nilimngoja.

"Hapana," alisema. "Kwa mdomo, hapana."

Nilifikiri juu ya soko bila dada. Watanipa migongo, na wengine sitajua kwa nini. Nitakula chakula ambacho sikukaribishwa. Niliogopa, na nikamwambia kwamba naogopa, ili asilazimike kukisia. Nikamwambia pia kwamba najua kupika wali, kwamba simu ninayo, na kwamba mtu nisiyemwelewa nitamwuliza mara mbili.

"Nenda, dada."

"Unasema hivyo kunifurahisha. Nitajuaje kama kweli unataka niende?"

"Sitaki uende. Nimesema nenda. Ni vitu viwili, na vyote nimekwambia." Nikafikiri kama nimesahau kitu. "Mimi nikisema nenda, maana yake ni nenda. Sina maana nyingine niliyoificha."

Uso wake ukafanya kitu, kwanza mdomo, halafu macho. Nilikitazama kwa makini na sikukitambua, basi nikamwuliza ni nini.

Akaniambia.