Pastora ndani ya Kifumbu

Haya niliambiwa na Ermelinda mwenyewe, mwaka jana tukimenya mihogo ya matanga ya jirani, akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

Mumewe, Fulgencio, alimletea chatu kutoka visiwani, kajificha ndani ya mzigo wa kuni. Si wale chatu wa kumeza mbuzi. Wa visiwani ni wadogo. Huyu hakuzidi urefu wa fagio, rangi yake waridi lililopauka, mpole kama paka aliyeshiba. Ermelinda akamwita Pastora, akamweka stoo, na panya wakahama. Miaka mitatu Ermelinda hakutupa hata kipande kimoja cha mkate wa muhogo kwa kutafunwa na panya. Jioni Pastora alijizungusha mkononi mwake akatulia hapo, yeye akichambua maharage.

Ndipo wifi yake, Patrocinia, akaja kuoka mikate ya harusi ya bintiye. Alikuja na vikapu vinne vya mihogo na kifumbu cha kukamulia alichoachiwa na mama yake: kirefu kumpita mtu, chembamba kama mguu wa suruali, kimesukwa kwa mkono ambao kijijini hauko tena. Akakitundika stoo.

"Wifi," alisema, "mimi na nyoka hatukai jiko moja. Kesho nikimwona, mihogo yangu naihamishia kwa jirani yako Olaya, na huyo mdudu wako kaka atamrudisha alikomtoa. Nimeshaongea naye."

"Amekubali?"

"Ameinamisha kichwa."

Ermelinda alikijua kichwa hicho. Mbele ya dada yake, Fulgencio hakukiinua kamwe. Basi akamtia Pastora kikapuni, akafunika, akaweka jiwe juu. Asubuhi jiwe lilikuwepo, nyoka hayupo.

Habari hiyo Ermelinda akaificha. Alikwaruza mihogo na wanawake wenzake, akaimba nao, lakini macho yalikuwa kwenye pembe za nyumba. Muhogo ulipokuwa tayari, Patrocinia akatungua kifumbu.

"Mbona kizito?"

Katikati kilikuwa na nundu. Nundu ikasogea.

Wanawake walitoka mbio, mmoja na ubao wake wa kukwaruzia kifuani. Patrocinia hakukimbia, maana alichoshika kilikuwa cha mama yake. Fulgencio akaja na panga.

"Nikikate?"

"Ukate kifumbu cha mama, nami nikukate wewe."

Ermelinda alikuwa keshashika ncha ya pili, anataka kuvuta.

"Usivute, wifi," Patrocinia alimzuia. "Umekamua mihogo maisha yako yote, hujui? Kikivutwa kinabana. Utamnyonga. Kaa chini, tukisukume."

Wakakaa sakafuni wakitazamana, kila mmoja na ncha yake, wakasukuma. Kifumbu kikawa kifupi, kikanenepa, matundu yakafunguka. Pastora akachomoza kichwa, na katika ncha mbili akachagua ya Patrocinia. Akampanda mkono polepole mpaka begani, tumbo limemvimba.

"Mtoe," alisema Patrocinia bila kufungua meno.

"Tulia, usimtishe."

"Nani anamtisha nani?"

Ermelinda akamfungua taratibu, akampakata. Patrocinia akachungulia ndani ya kifumbu. Mlikuwa na kiota cha panya, na ukambaa mmoja wa msuko umetafunwa nusu, alama za meno bado mbichi. Akaupapasa kwa kidole.

"Kwa hiyo alimfuata panya humo, akamla, akashindwa kutoka," alisema mwishowe. "Nyumba yako ina panya, wifi."

"Nyumba yangu haina panya miaka mitatu. Huyo alikuja na kifumbu chako."

Fulgencio akakohoa, akaangalia nje. Patrocinia alitaka kununa, kicheko kikamshinda.

"Mwache basi," alisema. "Lakini naosha kifumbu kwa maji ya moto mara tatu, na Olaya asisikie habari hii."

Wanawake wakarudi mmoja mmoja. Wakajaza muhogo, wakatundika kifumbu, wakapitisha mti chini yake, na Fulgencio, aliye mzito kuliko wote, akakalia mti ili kibane. Maji yakaanza kudondoka. Adhuhuri ilipopita, wenzao wakaenda kwao kupumzika, na Fulgencio akasinzia palepale alipokaa.

"Huyo huzaa?" Patrocinia aliuliza, amejilaza kwenye bembea ya kamba.

"Bado hajazaa."

"Siku akizaa, niwekee mmoja. Mdogo. Wa kulinda kifumbu tu."

Kisha akakoroma. Ermelinda akamlaza Pastora kikapuni, safari hii bila jiwe, akanyoosha mkeka pembeni yake, akayasikiliza yale maji yakidondoka, tone, tone, mpaka naye usingizi ukamchukua.