Ini la Wifi Magreth

Mama Anaeli wa Machame alikuwa mpika mbege, pombe ya ndizi, na vidole vyake vilikuwa vimekunjika kwa baridi yabisi hata mwiko haushikiki. Daktari Shamsia wa mjini Moshi akampa vidonge, anameza mara moja kwa wiki. Vidole vikanyooka, mwiko ukarudi mkononi. Ila masharti yalikuwa mawili: pombe asiguse, na kila mwezi apimwe damu, waone ini linavyoipokea dawa.

Pombe asiguse! Mpika mbege asipoonja kwanza mbele ya watu, nani atatia kata mdomoni? Watasema ameweka kitu. Kwa hiyo Anaeli alionja. Siku ya kupimwa ilipokaribia akaingiwa na hofu: damu itamchongea, dawa itakatwa, vidole vitarudi kule kule.

Akamwendea wifi yake Magreth, mzee wa usharika, bingwa wa kuwasema walevi kila Jumapili.

"Wifi, niazime damu."

"Damu ni chumvi ya kuazimana?"

"Kichupa tu. Wewe hata harufu ya pombe huijui."

Magreth alikataa mara mbili. Anaeli akamwuliza anaogopa nini hasa. Hapo Magreth akajifunga kitenge cha kutokea.

Maabarani, kijana Shakiru alisoma kadi. "Shikamoo. Wewe ndiye mama Anaeli?"

"Marahaba. Ndimi," akasema Magreth, akafumba macho, akatoa mkono.

Mchana Anaeli akaingia kwa daktari, wifi akabaki kwenye benchi nje.

"Mama, vipimo vya ini vimepanda vibaya mno," Daktari Shamsia akasema. "Hii si dawa peke yake. Unakunywa, tena sana. Vidonge nasimamisha leo."

Anaeli akatoka, akamweleza wifi aliyoambiwa.

"Mashine mbovu," Magreth akawahi.

"Mashine! Miezi sita pipa langu la nyuma linapungua, nami nategea panya. Nimeua wanne, maskini, hawana kosa!"

"Nilikuwa naangalia kama imeiva."

"Kila siku?"

"Mbege haiivi siku moja, wifi."

Anaeli alivitazama vidole vyake, akamtazama wifi, kisha akarudi ndani. "Daktari, damu ile si yangu. Na mimi huwa naonja, funda moja kila nikipika. Nipime mwenyewe."

Akapimwa. Jioni ini lake likaonekana halina neno. Daktari alimgombeza mpaka manesi wakachungulia mlangoni, akamwambia funda lile aliteme, ndipo akamrudishia vidonge.

"Sasa niambie, ile damu ni ya nani? Huyo ndiye mgonjwa."

"Ni mtu wa heshima zake, daktari. Siwezi kumtaja."

Mlango ukafunguka. Magreth aliingia, kitenge amejifunika hadi puani.

"Ni yangu," akasema. "Ila mchungaji asijue."

"Hatajua," Anaeli akamjibu, akimvutia kiti. "Keti, wifi. Mweleze daktari unaonjaga kwa kata au kwa ndoo."