Siku Tano za Mawardi

Mawardi, paka wetu, alikuwa hajala tangu Jumanne, na Ijumaa akaanza kutapika maji ya njano. Bi Najat, bosi wangu, mwenye duka la vitambaa pale Tianxiu, jengo la wafanyabiashara wa Kiafrika huku Uchina, akamfunga kwenye kanga na kuniambia nimbebe.

"Twende kwa mzee Chen. Yule tunaelewana."

Kuelewana kwenyewe kulikuwa hivi: mzee Chen, daktari wa wanyama, akisema paka alale kliniki siku sita, Bi Najat anasema mbili, wanavutana mpaka chai inapoa, wanaishia tatu. Mzee alikuwa anaongeza siku tangu mwanzo ili apate pa kushukia. Hilo nililiona siku nyingi, nikanyamaza.

Kumbe mzee amestaafu. Tulimkuta binti mwembamba mwenye miwani, Daktari Liang, wiki yake ya kwanza. Chai hakutupa. Alimfungua Mawardi mdomo, akainua ulimi, akaniita nitazame. Uzi wa kijani ulikuwa umezunguka chini ya ulimi, umeteremka kooni. Uzi wa sampuli zetu za Zhongda, soko la vitambaa.

"Si auvute tu!" Bi Najat akanyoosha mkono. Daktari akaupiga kofi, kama wa mtoto anayegusa sufuria ya moto.

"Ukivutwa, utumbo utakatika," nikamtafsiria. "Anasema ampasue sasa hivi, kisha alale hapa siku tano."

"Mwambie mbili."

Nikamwambia. Daktari akasema tano.

"Tai gui!" Ghali mno, ndilo neno lake la Kichina la kila shughuli. "Basi tatu!"

"Tano."

"Chausiku, beba paka."

Tukatoka. Zhongda ndivyo tunavyonunua kila robota la kitambaa: unaondoka polepole, na muuzaji anakuita kabla hujafika kwenye ngazi.

"Usigeuke nyuma," Bi Najat alininong'oneza. "Ukigeuka umekwisha."

Tukampita fundi viatu, tukampita muuza machungwa. Hakuna aliyetuita. Bi Najat akasimama kutengeneza buibui lake, ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Ndani ya kanga, Mawardi akaacha kulia.

"Bi Najat, yule hauzi," nikasema.

"Khaa! Nani asiyeuza mji huu?"

"Mawardi anakufa."

Akatazama magari. "Nenda wewe. Sema umesahau mwavuli."

Hatukuwa na mwavuli. Nikakimbia. Daktari Liang alikuwa ameshavaa glavu, meza imetandikwa. Alidhani tumetoka nje kupiga simu tu. Akampokea Mawardi, na habari ya mwavuli ikanitoka kichwani.

Bi Najat aliingia baadaye, akakaa karibu na mlango kama mtu anayepita tu. Daktari alipotoka alikuwa ameshika kibakuli. Ndani yake uzi, urefu wa mkono wangu. Paka anapumua, akasema.

"Mwambie nimekubali nne." Bi Najat akainuka.

Daktari hakungoja tafsiri. Aliinua vidole vitano, glavu ingali na damu.

Bi Najat alivitazama, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Haya. Tano."

Miaka mitatu niko naye, sikuwahi kumwona akikubali bei ya kwanza. Jioni ile Tianxiu nzima ilikuwa na habari: daktari mpya ni mkali, alianza na siku kumi, lakini Bi Najat amemshusha mpaka tano. Wageni wa dukani wakanigeukia mimi, niliyekuwa namimina chai. Nikasema ni kweli, yalikuwa mazungumzo magumu.