Kosa la Siku Tisa

Walimu wenzake walimwita Mwalimu Polepole, na hawakumsingizia. Wao walipokuwa wanamaliza kitabu, yeye alikuwa bado sura ya nne, kapiga magoti sakafuni anakunja karatasi na watoto. "Darasa lako likifika kwenye asilimia," mwalimu wa sayansi alimtania siku moja, "mimi nitakuwa nimeshastaafu. Uniletee habari nyumbani." Chumba kizima cha walimu kilicheka, naye akacheka nao, maana kweli haina ubishi.

Watoto wale alikuwa nao tangu darasa la pili. Alimwomba mwalimu mkuu ampe ruhusa ya kupanda nao kila mwaka, na mwalimu mkuu, ambaye walisoma naye chuo kimoja wakalala kitanda cha juu na cha chini, alikubali. Sasa walikuwa la tano. Alitaka jambo moja tu: kubaki nao hadi la saba, kwa sababu alijua kila mmoja wao ameelewa nini, lini, na wapi amedanganya kwamba ameelewa.

Darasani mwake palikuwa na desturi moja, nayo ndiyo iliyomponza. Mtoto akikosea kosa lenye akili, kosa lile liliandikwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa karibu na mlango, bila alama ya mkasi ya kuonyesha limekosewa. Halikutolewa mpaka mwenyewe aje alitoe kwa sababu zake. Mwalimu alijikataza kusema neno.

Zamu hii kosa lilikuwa la msichana waliyemwita Wakili, kwa kupenda kwake kubisha. Nusu jumlisha theluthi, aliandika, ni mbili ya tano. Moja na moja ni mbili, mbili na tatu ni tano, nani atakataa? Darasa zima lilikubaliana naye. Siku nne walipita mbele ya karatasi ile kama watu wanaopita mbele ya nyumba ya jirani.

Siku ya tano Wakili alisimama. "Mwalimu, nusu peke yake ni kubwa kuliko hii mbili ya tano. Nimeongeza, mbona imepungua?"

Mwalimu aligeukia ubao akajifanya anafuta, maana machozi yalimlengalenga. Miaka mitatu alikuwa akilisubiri swali kama lile.

Kuanzia hapo Wakili hakutulia. Alikata kanda za karatasi, akatafuta kipande kimoja kidogo kinachoweza kupima nusu na theluthi pia. Alijaribu robo, theluthi ikagoma. Alijaribu thumuni, ikagoma vilevile. Siku ya nane aliukunja ukanda katikati, akaanza kuukunja mara tatu juu ya mkunjo uleule, na kengele ikalia. Akautia ndani ya daftari.

Siku ya tisa, kabla ya kipindi cha hesabu, akaja mkaguzi. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alisoma ile karatasi, akaisoma tena.

"Mwalimu, hili limekaa hapa tangu lini?"

"Leo siku ya tisa."

"Na wewe jibu lake unalijua?"

"Nalijua."

Akaandika. Mkaguzi gani asingeandika?

"Ungesema umesahau kulitoa," mwalimu mkuu alimwambia mchana, mlango umefungwa. "Ningekutetea."

"Sikusahau."

"Ndiyo shida yako, mwenzangu. Yeye ameandika kwamba umewaacha na kosa kwa makusudi. Mzazi akisikia hivyo nitamjibu nini?"

"Nipe mpaka Ijumaa. Mtoto amebakiza hatua moja."

"Ijumaa ripoti itakuwa mezani kwa wakubwa. Kesho unaanza darasa la kwanza. La tano nampa yule mwalimu mgeni, ana kasi."

Mwalimu Polepole alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya mtu waliyekuwa wakiazimana naye soksi chuoni. Akasema sawa. Nyumbani hakugusa chakula.

Watu husema haraka haraka haina baraka. Shuleni methali hiyo huandikwa ukutani, na pembeni yake hubandikwa ratiba ya mitihani.

Kesho yake, akiwahesabisha vijiti watoto wa darasa la kwanza, alisikia ng'ambo ya ukuta la tano wakiimba kanuni: zidisha za chini, badili za juu, kisha jumlisha. Moyoni alitumaini angalau mmoja atabisha. Badala yake walipiga makofi. Watoto hupenda kupata, na walikuwa wamepata.

Wakati wa mapumziko Wakili alimfuata na daftari. Maswali kumi, vema kumi.

"Hongera, mwanangu. Na lile swali lako?"

"Tano ya sita."

"Kwa nini sita?"

"Unazidisha za chini, mwalimu."

"Na karatasi zako zinasemaje?"

Mtoto akautoa ule ukanda daftarini, akaugeuza huku na huku. "Juzi nilikuwa nimekaribia," alisema. "Kuna kitu nilianza kukiona. Mwalimu mgeni alipotuambia, kikapotea. Nimejaribu kukunja tena, lakini sikumbuki nilikuwa natafuta nini."

Jibu lilikuwa mdomoni mwa mwalimu, sentensi moja tu. Lakini nalo lingekuwa la kuambiwa, na mtoto angelipokea, angelishukuru, angeliweka pamoja na lile la asubuhi. Akalimeza.

Wakili alimwona uso wake, akamhurumia.

"Usijali, mwalimu," alisema. "Kwenye mtihani hawaulizi kwa nini."