Kindi Aliyezima Taa ya Verlon

"Kweli tupu, naapa kwa kaburi la mama yangu," alisema Verlon Haugstad, mkono mmoja kifuani na mwingine umekumbatia helmeti. "Kindi ameingia gereji kwangu akatafuna waya wa nyuma. Nimemwona kwa macho yangu haya. Mkia kama ufagio, macho ya mwizi."

Mama yake Verlon alikuwa hai, anaishi kwenye nyumba ya wazee kule La Crosse na bado anawafilisi wenzake kwenye karata. Lakini hilo waliliacha lipite. Waliokusanyika pale uwanja wa kanisa walikuwa wameshazoea. Verlon akisema kunanyesha, unatoa mkono dirishani kwanza.

Ilikuwa Jumapili ya kubariki pikipiki. Theluji imekwisha, barabara za kando ya mto zimekauka, na wastaafu wa mji mzima wamezitoa pikipiki zao uani. Kabla mchungaji hajaja kuzinyunyizia maji, Delmar Tollefsrud, kiongozi wa msafara, hupita akikagua taa moja moja. Ambaye taa yake haiwaki haongozi. Na Verlon, tangu aache kuendesha lori la maziwa, ndiye aliyekuwa akiongoza. Kwake yeye, wote waliomfuata walikuwa mizigo tu.

Mwaka huu alikuja amejikweza zaidi. Majira yote ya baridi alikuwa kwenye gereji iliyo chini ya nyumba, ameifungua pikipiki mpaka mifupa, anaipaka rangi nyekundu, mpaka mkewe, kwa harufu ile, akawa analala na madirisha wazi kwenye baridi ya kuua ng'ombe. Pikipiki iling'aa kama tufaha. Delmar akaisifu, akakanyaga breki aone alichofanya huyo kindi.

Taa ya nyuma, badala ya kuongeza mwanga, ikafifia. Indiketa zote mbili zikatoa kimwanga cha mshumaa. Delmar akawasha indiketa ya kushoto, na mkia mzima ukaanza kupepesa, kama jicho lililoingia mchanga.

"Huyo kindi wako ni fundi," alisema Opal Wierzba, akishuka kwenye pikipiki yake ya bluu. "Amekata waya, halafu akaacha taa inakonyeza."

"Opal, rudi kwenye mashine zako za kukaushia nywele."

"Nimeunguza vichwa vingi saluni, mzee, lakini sijawahi kumsingizia kindi."

Watu wakacheka, na Verlon akawatazama kama anavyotazama kahawa ya jana. Opal alikuwa na deni lake moyoni. Mwaka jana alifunga balbu mpya yeye mwenyewe, akakosea waya, na Verlon akamvalisha kofia ya kuku: helmeti kuukuu yenye kuku wa mpira aliyegundishwa utosini. Sheria aliitunga Verlon mwenyewe na kuitangaza kwa sauti kubwa. Anayezima taa yake kwa mkono wake mwenyewe avae kuku, na aende wa mwisho kabisa, nyuma hata ya gari la kubebea pikipiki mbovu.

"Tuonyeshe waya ulioliwa," alisema Delmar, "na taa iwake kabla mchungaji hajafika na ndoo yake. Ukifanya hivyo utaongoza. Ikiwa ni mkono wako, bwana, kuku unamjua."

Verlon akapiga magoti nyuma ya pikipiki, akawafukuza wote. Akatoa balbu; nzima. Akaangalia fyuzi, nzima. Akabana kibanio cha taa ndogo ya kupimia umeme kwenye betri, upande wa hasi, akachoma ncha yake kwenye waya wa breki. Ikawaka vizuri. Kumbe umeme unafika! Akahamishia kibanio kwenye bolti iliyobana waya mweusi, ule wa kurudisha umeme kwenye chuma cha fremu. Taa ya kupimia ikafa.

Hapo akaelewa. Umeme ulikuwa unaingia na hauna njia ya kutokea, ndiyo maana ulizurura kwenye indiketa ukiomba kupita. Na bolti ile ilikaa juu ya rangi. Rangi nyekundu, nzuri, nene kama jamu juu ya mkate, mpaka ndani ya tundu. Aliifunga yeye mwenyewe, akipiga mluzi.

Akatazama huku na huku. Akachomoa kisu cha mfukoni, akakwangua mpaka chuma kikaonekana, akakaza bolti. Akakanyaga breki: mwanga mwekundu, mkali, wa kujivunia.

Angeweza kunyamaza. Lakini wangeuliza kindi yuko wapi. Basi Verlon akainamisha kichwa chini ya madigadi ya nyuma kama mtu anayenusa harufu ya kuungua, akaung'ata waya wa breki. Ulikuwa na ladha ya mpira na chumvi ya barabarani.

"Huyo hapa!" alipiga kelele. "Njooni muone meno yake! Na walikuwa wawili, sasa nakumbuka. Mmoja alishika tochi."

Delmar akainama, akaona ngozi ya waya imechubuka kweli. "Mh! Hii kali," alisema. Mchungaji alikuwa anaingia uwanjani na ndoo, na Delmar akamwonyesha Verlon mbele, mahali pake pa siku zote. Verlon akaanza kuisukuma pikipiki, kidevu juu.

"Ngoja kwanza," alisema Opal. Akavaa miwani iliyoning'inia shingoni, akaukaribia waya. "Kindi huyu ana pengo."

Verlon akafunga mdomo. Jino lake la mbele lilibaki kwenye peremende kwenye maonyesho ya kilimo, ingawa yeye husema alipigana na dubu.

Opal akafungua sandwichi yake, akachomoa kipande cha jibini. "Uma."

"Nimeshakula."

"Uma, mzee. Mchungaji anakutazama."

Akauma. Opal akaliweka jibini kando ya waya: meno, pengo, meno, meno, pengo, meno. Delmar akaokota kisu kilichosahauliwa pale chini, ncha yake imejaa vumbi jekundu, kisha akaiona bolti ilipokwanguliwa. Akaenda kwenye gari kumchukua kuku.

"Kindi naye anaweza kung'oka jino," alisema Verlon. "Hilo hamlijui kwa sababu hamsomi."

"Inamisha kichwa," alisema Opal, akamfunga kamba ya helmeti chini ya kidevu, kwa upole wa msusi.

Msafara ukaondoka, Opal mbele. Verlon akawafuata wote, nyuma ya gari la mizigo, kuku akimtikisikia utosini. Kila kona alikanyaga breki, na taa yake ikawaka kuliko zote, na nyuma yake hakukuwa na mtu wa kuiona.